Kunyoa Ndevu Zisizokuwepo

"Wananchi wa nyumba hii," nilisema, nimesimama juu ya kigoda cha jikoni, taulo begani na mkono kifuani, "kwa heshima na taadhima natangaza kwamba kuanzia leo mimi, mtoto pekee wa marehemu kinyozi, naacha mambo ya kitoto. Nitanyoa ndevu zangu kwa wembe wa kukunja, kama wanaume wa kweli walivyonyoa tangu enzi na enzi."

Wananchi walikuwa wawili. Mmoja alikuwa paka, naye akatoka nje kabla sijamaliza. Wa pili alikuwa Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa akimenya viazi na hakuinua hata kichwa.

"Ndevu zipi?" akauliza.

Swali la kichokozi halijibiwi. Nilishuka nikamwonyesha kidevu. Alikisogeza kwenye mwanga wa dirisha kwa kidole chenye maganda ya viazi, akakikagua kama mtu anayetafuta chawa.

"Huu hapa mmoja. Aa, ni uzi wa taulo."

"Zinakuja, Shangazi."

"Ziambie zisiharakishe njiani. Na kigoda changu ukifute."

Lakini tangazo lile halikuwa lake, wala la paka. Nilikuwa nimelitoa kwa sauti ya kupenya mbao, ile iliyonipatia jina la Mheshimiwa kule bwenini, na nilikuwa nimelielekeza kwenye mlango mmoja tu: mlango wa chumba cha Mama, mwisho wa ukumbi, uliofungwa. Nikatega sikio. Kitanda kikalia kidogo, kikanyamaza.

Naomba nieleze mambo kwa utaratibu.

Baba alikuwa kinyozi, na alifia kazini akiwa amesimama. Daktari alisema ni moyo. Kwenye kiti alikuwepo mteja wake wa siku zote, bwana mmoja muuza magodoro, shavu la kulia limeshanyolewa na la kushoto bado lina povu. Fundi Kipara, aliyekuwa akifanya kazi na Baba kwenye kiti cha pili, ndiye aliyenisimulia: Baba alisita, akaukunja wembe, akauweka mezani, ndipo akaanguka. Aliukunja kwanza. Kinyozi haanguki na wembe ulio wazi karibu na shingo ya mtu.

Muuza magodoro alikuja mazikoni na nusu ya ndevu. Shavu moja laini kama yai, jingine limesimama kama brashi ya viatu. Watoto wa jirani walicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nikacheka pamoja nao. Kisha nikamsikia akimwambia Mama, kwa sauti ya chini, "Nisamehe, dada, kuja hivi. Nimeshindwa kukaa kwa mtu mwingine animalizie kazi yake." Mama alilitazama lile shavu la upande uliomalizika, lililokuwa kazi ya mwisho ya mikono ya mumewe. Akakaa chini palepale. Tulimbeba mpaka nyumbani, tukamlaza, na tangu hapo hakuamka.

Sisemi kwamba alikuwa amelala usingizi. Alikuwa macho, amegeukia ukuta. Shangazi alimpelekea chai, akairudisha imepoa. Majirani walikuja wakakaa pembeni ya kitanda wakasema yale yanayosemwa, wakaondoka. Shule ilikuwa imeniruhusu kubaki nyumbani, halafu likizo ikaunganika na ruhusa, na mimi nikawa mtu wa kuzungukazunguka ukumbini nimevaa soksi, nisipige kelele.

Sasa, kwa mtu aliyepewa kipaji changu, hiyo ni adhabu. Shuleni mimi ndiye niliyeuvisha soksi ulimi wa kengele mpaka shule nzima ikachelewa kuamka, mwalimu wa zamu akiwemo. Nyumbani Mama alikuwa adui yangu mkubwa na mpendwa. Akinikamata na kosa, alivua kandambili moja na kunikimbiza kuzunguka nyumba, na nikishika kona ya bafu nilikuwa namsikia akicheka huku akitukana. Kwa hiyo nilijiwekea jukumu. Kama chai haimwamshi, na maneno hayamwamshi, kandambili itamwamsha.

Nilimtilia chumvi kwenye chai. Vijiko vya kutosha kuchemshia maharage. Nikampelekea mwenyewe, nikasimama mlangoni, mguu mmoja tayari kwa mbio.

Aliinuka kwa kiwiko, akainywa yote, akanirudishia kikombe. "Asante, mwanangu," akasema, akageukia ukuta.

Nilikipeleka kikombe jikoni, nikanawa uso kwa muda mrefu. Siku hiyo ndiyo niliyoogopa kweli. Shule ilikuwa inakaribia kufunguliwa, Shangazi naye alikuwa na nyumba yake ya kurudia, na ndani ya kile chumba kulikuwa na mtu anayekunywa chai ya chumvi na kushukuru.

Baba alikuwa na wembe wa dukani na wembe wa nyumbani. Wa nyumbani ulikaa kwenye rafu juu ya sinki, nje ya mlango wa bafu, na mkanda wake wa ngozi wa kunolea ulining'inia kwenye ndoano pembeni. Kila asubuhi ya maisha yangu ya nyumbani, kabla ya redio na kabla ya jogoo wa jirani, niliusikia ule mkanda. Wembe ukienda unasema *shaa*, ukigeuzwa na kurudi unasema *paa*. Shaa, paa. Mtoto wa daktari huamshwa na simu; mimi niliamshwa na hiyo.

Asubuhi moja niliuchukua ule wembe. Kwa ukaguzi tu, maana chuma kisichotumika huota kutu. Nikauvuta mkanda ukakaza, nikaulaza wembe juu yake, mgongo ukitangulia kama alivyokuwa akifanya yeye, nikaupitisha. Shaa. Nikaugeuza. Paa. Nikaendelea kidogo.

Mlango wa Mama ukafunguka.

Alisimama pale ameshika fremu, nywele zimemsimama upande mmoja, miguu mitupu. Sikuwa nimemwona amesimama tangu mazikoni. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho sikukielewa, na kwa kuwa sikukielewa nikakiita woga. Kisha ukabadilika.

"Weka chini!" akapiga kelele. "Weka chini hicho kitu! Unataka kujichinja? Nitamwambia nini baba yako?"

Jikoni Shangazi aliangusha mwiko.

Niliuweka chini. Mama alikuja, akaukunja wembe, akaurudisha kwenye rafu, akanishika kidevu akakigeuza huku na huku kutafuta damu. Kisha, kwa vile alishakuwa nje na miguu imemchoka, akakaa mezani. Shangazi, bila kupumua, alimsogezea chai. Akanywa. Akala kipande cha mkate.

Nani angesita? Mimi Mheshimiwa nilikuwa nimeipata dawa. Mama yangu alikuwa amekataa kuinuka kwa ajili ya huzuni yake, lakini angeinuka kwa ajili ya shingo yangu. Kumbe kilichohitajika ni kumtia hofu kila siku, kwa kipimo, kama vidonge. Ndiyo maana siku iliyofuata nikapanda kigoda.

Ufundi haukosi mwalimu. Nilikwenda dukani kwa Fundi Kipara. Kiti cha Baba kilikuwa kimefunikwa shuka. Fundi alikuwa akimnyoa mzee mmoja mnene.

"Shikamoo, Fundi. Nimekuja kujifunza wembe."

"Marahaba. Una ndevu?"

"Zinakuja."

"Mimi nywele zangu pia walisema zitarudi." Alijipapasa upara. "Mama yako anasemaje?"

"Anaogopa."

"Na wewe unakuja tu?"

"Anaogopa akiwa amesimama, Fundi. Akiwa amekaa mezani. Anakula."

Alinitazama kwenye kioo kwa muda. Akachukua puto kwenye droo, akalipuliza, akalifunga, akalipaka povu kwa brashi mpaka likawa jeupe, akaniwekea mapajani.

"Mteja wako huyo. Mnyoe. Wembe hausukumwi, unaulaza tu, na ngozi unaivuta kwa vidole vya mkono mwingine. Ukimkasirisha utamsikia."

Nilimkasirisha mara moja. Puto lilipasuka, povu likaruka mpaka kwenye kioo, na yule mzee mnene akaruka kitini.

"Poleni sana na msiba!" akasema kwa kicheko, akipangusa povu sikioni. Kisha akanitazama vizuri, akakiona kiti chenye shuka, akajua mimi ni nani. Kicheko kikamfia mdomoni. "Aah, kijana. Sikujua. Sikuwa na maana hiyo."

"Marehemu alikuwa puto mwema," nilisema, kwa sauti ya mahubiri. Ilinibidi niseme kitu, yule mzee alikuwa anakaribia kulia.

Maputo mengine yalifariki, kisha mengine yakapona, mpaka nikaweza kumnyoa mteja wa mpira kutoka sikio hadi sikio bila kumsikia akilalamika. Fundi alinikubalia nitumie wembe wa nyumbani, kwa sharti moja: "Usoni pako tumia mgongo wa wembe, usitumie makali, mpaka siku nitakayokwambia mimi. Sitaki kwenda kwa mama yako na habari nyingine." Niliapa, na hicho ni miongoni mwa viapo vichache nilivyotunza.

Basi asubuhi zikawa na ratiba. Nilinoa. Mlango ulifunguka. Mama alisimama, akanitazama, uso ukafanya lile jambo lake, kisha kelele zikaanza. Kwamba mimi ni mkaidi. Kwamba shingo haina spea. Kwamba wenzangu wananunua viwembe vya plastiki na wanaishi. Mimi nilijipaka povu, nikavuta mgongo wa wembe mashavuni kwa umakini wa daktari wa upasuaji, na yeye akakaa mezani akinilinda kwa macho huku kikombe kikiisha.

Nilijiona bingwa. Shangazi ndiye aliyenitia mchanga kwenye wali.

"Wifi yangu anatoka haraka," alisema siku moja, akikunja nguo. "Umeona? Anatoka haraka, lakini anavyorudi ndani. Mtazame anavyorudi."

"Anarudi na tumbo lenye mkate."

"Anarudi ameshika ukuta, baba. Na ukishafungwa mlango tega sikio pale."

Sikutega. Niliogopa ningesikia kitu cha kuniharibia dawa. Kama ugonjwa unabaki, nilijiambia, kipimo ni kidogo. Daktari huongeza.

Basi nikaongeza. Kabla ya kunoa nilianza kufungua bomba lile la sinki nusu tu, kama Baba alivyokuwa akilifungua, litoe maji membamba yenye mluzi. Nikaanza kuigonga brashi ukingoni mwa beseni kuikung'uta. Nikaanza kuvaa kandambili zake, zenye kisigino kilicholika upande mmoja, ili hatua ziburuze. Nilijiambia kwamba fundi hujifunza kazi pamoja na namna ya kazi. Na siku ya mwisho kabla ya kurudi shule, sanduku langu likiwa tayari ukumbini, niliongeza kikohozi.

Kilikuwa kikohozi kidogo tu. Baba alikuwa hakohoi kwa ugonjwa. Alisafisha koo kama mtu anayebisha hodi kwenye siku yake. Nilikuwa nikikiigiza bwenini na kuwavunja mbavu. Asubuhi ile nilipita ukumbini nikiburuza kandambili, nikafungua bomba, nikakohoa, nikauvuta mkanda. Shaa, paa. Shaa, paa.

Ndani ya chumba sauti ya Mama ikasema, "Leo umewahi."

Mkono wangu ulisimama.

Haikuwa sauti ya kunigombeza mimi. Haikuwa hata sauti ninayoijua vizuri. Niliwahi kuisikia kupitia ukutani tu nilipokuwa mdogo, wakidhani nimelala. Ilikuwa imejaa usingizi na ilikuwa inatabasamu.

"Usiondoke kabla sijakuwekea chai," ikasema. "Naja."

Ningeweza kukimbia. Mtu aliyekimbia wasimamizi wa bweni wote bila kukamatwa angeweza kukimbia mlango mmoja. Miguu ilikataa, ilikuwa ndani ya viatu vya mtu mwingine.

Mama akatoka. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani huku akitembea. Tabasamu lilikuwepo usoni, nalo liliponiona halikuondoka mara moja. Lilibaki pale kidogo, kama mgeni aliyebisha hodi nyumba siyo na hajui ageuke vipi.

"Ni mimi, Mama," nikasema. Katika hotuba zangu zote hiyo ndiyo mbaya kuliko zote.

"Naona."

Shangazi alitokeza kichwa jikoni, akatuona, akakirudisha. Mama aliegemea ukuta, akateremka nao taratibu mpaka akakaa sakafuni, kitambaa mkononi. Hakupiga kelele. Nilizisubiri kelele kama mtu anavyosubiri basi la mwisho.

"Njoo hapa. Lete uso."

Nilipiga magoti. Alipitisha vidole shavuni, na chini ya kidevu, polepole.

"Hujawahi kunyoa," akasema. "Wembe ukikata ndevu unaongea. Mimi nimelala na mtu wa wembe miaka yote hiyo, nausikia toka kitandani, hata najua leo kakosea kona ya mdomo. Wako haujaongea hata siku moja. Unanoa, unanoa, halafu kimya. Ulikuwa unafanya nini, mwanangu?"

Nilikuwa na maelezo. Niliyatoa yote, kwa utaratibu, na nilipokuwa nayatoa niliyasikia yakipungua urefu. Kwamba alikuwa haamki. Kwamba nilimpa chumvi akashukuru. Kwamba alipouona wembe alinihofia akasimama, na mtu akiwa na hofu angalau yupo. Kwamba nilitaka nimwache akiwa anaamka.

"Kukuhofia," akasema. "Wewe nilikuhofia nikishafika mlangoni. Kule kitandani nilikuwa sikuhofii wewe." Alikikunja kitambaa, akakikunjua. "Asubuhi, kabla sijaamka sawasawa, huwa nimesahau. Kuna kipande kidogo pale, nimesahau kabisa. Nasikia mkanda. Nasema, haya, ameamka. Nashusha miguu. Naja. Halafu nakukuta wewe na taulo lako."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Jikoni chai ilikuwa inachemka na hakuna aliyeipunguzia moto.

"Mbona hukuniambia?" niliuliza. Nilitaka kukasirika, ingekuwa nafuu. "Ungeniambia tu, Mama. Ningeacha siku ile ile."

"Ndiyo," akasema. "Ungeacha."

Niliutazama wembe. Nilikuwa bado nimeushika, na nilikuwa nimeukunja bila kujijua. Nikauweka sakafuni kati yetu. Nikafungua mdomo kutafuta mzaha, maana huwa upo, huwa unanisubiri mlangoni hata nikiwa kwa mwalimu mkuu. Haukuwepo.

"Na kikohozi?" Mama akauliza. "Hicho nacho kilikuwa cha kunitisha kwamba utajikata?"

"Nilitaka kazi iwe kamili."

"Na viatu vyake?"

"Ni... ni sehemu ya ufundi."

"Mheshimiwa," akasema Mama.

Hakuwahi kuniita hivyo. Lile ni jina la bwenini, alilijua kutoka kwenye ripoti za mwalimu wa nidhamu na alilichukia. Alilisema taratibu, kama mtu anayemwita mtoto ashuke juu ya ukuta.

"Unaanza kunoa kabla hakujapambazuka. Unanoa muda mrefu kuliko alivyokuwa akinoa yeye. Juzi sikutoka upesi, nilikaa kitandani nasikiliza. Hukuita, hukugonga chochote. Uliendelea tu peke yako. Hiyo ilikuwa kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

Alinitazama tu.

"Hapana," nikasema.

Nilitazama kisigino kilicholika cha kandambili ya Baba, na mguu wangu ndani yake, mdogo.

"Huwa nafumba macho," nikasema. "Toka siku ya kwanza. Nikinoa nikafumba macho, sauti inakuwa inatoka pembeni yangu, haitoki kwangu. Sikuwa nakufikiria wewe, Mama. Ulipofungua mlango ile siku nilikasirika, kwa sababu nilikuwa bado... nilikuwa sijamaliza. Ile habari ya dawa niliitunga baadaye. Niliitunga nipate ruhusa ya kurudia."

Mama akauliza, karibu bila sauti, "Na huwa unamwona?"

"Kidogo."

"Yukoje?"

Nilitaka kumdanganya. Ningeweza kumpa uso mzima, povu na kila kitu, na angeupokea kama alivyopokea ile chai.

"Mgongo tu, Mama," nikasema. "Yuko kwenye sinki, amenipa mgongo. Namsubiri. Hageuki."